Kuku Niliowabeba kwenye Keria

Siku yangu ya kwanza kazini katika Wilaya ya Muleba niliulizwa swali moja tu la ng'ombe, na aliyeuliza alikuwa ananitania. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti kipya, kichwa kimejaa tumbo la ng'ombe lenye vyumba vinne. Nje ya ofisi ya kata walinisubiri wanawake kama kumi, kila mmoja na kuku kwapani. Mmoja akasema, "Bwana mifugo, huyu hali tangu juzi." Nilimtazama kuku yule, naye akanitazama. Sidhani kama mimi ndiye niliyekuwa najua zaidi.

Nawaandikia ninyi mliobaki kazini, mlioniomba siku ya kuniaga niweke kwenye karatasi mambo niliyojifunza. Vyeo na mishahara viko kwenye majalada, atakayevitaka atavikuta huko. Namshukuru Mungu kwa miaka thelathini na minne ya kuingia kwenye vibanja vya watu, katikati ya migomba na kahawa yao, na kutoka salama. Kabla sijaanza shule, katekista wetu pale Kaagya alinifundisha kusoma, akanifundisha pia kwamba mtu akienda kuungama asiifiche dhambi kubwa katikati ya ndogo. Sikulishika somo la pili vizuri. Ndiyo maana barua hii ni ndefu.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mzee Byabato. Alikuwa mchanja kuku wa zamani, hana cheti, ana kidole gumba kipana kilichoweza kumshika kuku kichwa bila kumuumiza. Alinifundisha kwamba tone la chanjo ya mdondo huingia jichoni, na kwamba usimwachie kuku mpaka apepese. Alinifundisha pia kuosha viatu kwa maji ya sabuni kabla ya kuvuka kizingiti cha kila boma, hata kama mwenyeji anakucheka.

Mdondo mnaujua. Kuku huinamisha mabawa, huharisha kijani, shingo hupinda kama anayetafuta kitu mgongoni mwake, kisha banda zima hunyamaza. Wakati wa kyanda, jua linapokausha njia, ndipo unapotembea zaidi.

Chanjo ilitaka ubaridi, na sisi hatukuwa na jokofu. Nilikuwa nashuka hadi mwaloni kuomba barafu kwa wachuuzi wa samaki waliotoka visiwani, nikaitia kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana. Mchuuzi mmoja hakuacha kunichokoza. "Bwana mifugo, leo tena unawapoza kuku macho? Na sisi wavuvi macho yetu yanauma, njoo utudondoshee!" Barafu yenyewe ilikuwa imelaliwa na sangara. Chanjo yangu ilinukia samaki miaka yote, na hakuna kuku aliyewahi kulalamika.

Sasa nifike kwenye jambo la kuku wa shukrani. Kwetu huwezi kumchanjia mtu kuku wake ukaondoka mikono mitupu. Mwenyeji atakamata mmoja, atamfunga miguu kwa kamba ya mgomba, atakuwekea mwenyewe kwenye keria ya baiskeli. Ukikataa umemtukana. Mzee Byabato hakukataa hata siku moja. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, kisha akamrudishia mwenyeji kamba, akimwita kwa heshima ya Kihaya. "Nitunzie waitu, nitampitia siku ya mwisho, nikishamaliza vijiji vyote."

Nilidhani ni maringo. Siku moja nikamuuliza.

"Wewe ukitoka kwa mgonjwa wa surua," akasema, "unambeba mgongoni ukaende naye kwa jirani mwenye watoto?"

"Hapana, Mzee."

"Basi na kuku usimbebe. Anaonekana mzima leo. Kesho?"

Nililielewa hilo tangu mwaka wa kwanza. Naliandika hapa ili asije mtu akanitetea kwamba sikujua.

Mzee Byabato alipofariki nilirithi eneo lake lote, Ijumbi na vijiji vya jirani. Nilifuata desturi yake miaka mingi. Kisha kazi ikanizoea, nami nikaizoea, na viatu nikawa naviosha pale tu nilipokumbuka.

Kuna miaka hiyo watu walishikwa na kware. Mtakumbuka. Ilisemwa mayai yake yanatibu presha, pumu, sukari na huzuni. Mwanamume mmoja wa Kahororo aliniuliza kama yanaotesha nywele, nikamwambia awatazame kware wenyewe, wengi wao wamenyonyoka kichwani. Hunyonyoka kwa sababu akishtuka huruka wima kama risasi na kugonga paa la kizimba, kwa hiyo mweleze mfugaji aweke gunia juu, si bati. Vifaranga wake ni wadogo kama nyuki wakubwa, huzama kwenye sahani ya maji, weka kokoto. Kibali cha maliasili kwanza, kware baadaye. Na jambo ambalo wengi hawakuambiwa: kware wa kufugwa hutaga lakini haatamii. Ukitaka vifaranga, na huna mashine, utafute kuku wa kuyalalia mayai yake.

Pale Ijumbi kulikuwa na mjane, Ma Kokugonza. Migomba na kahawa vilikuwa vya ukoo wa marehemu mumewe, yeye alikuwa mlinzi tu, na wakubwa wa ukoo hawakumwacha asahau. Kuku walikuwa wake. Aliwaanzisha na mtetea mmoja aliyetoka naye kwao, wakafika karibu arobaini. Hakuwahi kumla hata mmoja, kwa sababu alikuwa wa kizazi cha wanawake waliofuga kuku bila kuwaonja, maana kwao ilikuwa mwiko, ila akiingia boma lile alitembea kama mtu anayetembea katika kitu chake.

Kibanja kilichofuata kilikuwa cha wifi yake, Ma Kemilembe, dada wa marehemu, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika. Wawili hao walipendana kuliko nilivyozoea kuona kwa mawifi. Walichuma kahawa pamoja, walikaa benchi moja kwenye jumuiya ya sala, na kati ya nyumba zao kulikuwa na njia iliyokanyagwa mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Binti wa Ma Kemilembe, Asimwe, alikuwa amemletea mama yake kware kumi na wawili kutoka Mwanza.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne ya kyanda. Nilianzia kijiji cha juu, kwa mzee mmoja, Ta Rwegoshora. Nilichanja kuku wake wote. Mmoja alikuwa amesimama peke yake chini ya kahawa, manyoya yamevimba. Nilimwona. Nilijiambia ni baridi ya asubuhi.

Ta Rwegoshora akaniletea mtetea mnene mweusi. Nikashukuru, nikamrudishia kamba.

"Mambo ya Byabato hayo," akasema. "Alikuwa akituachia kuku hapa kama vile mikono yetu ina kinyesi. Wewe ni mtoto wa Kaagya, waitu, umelelewa. Au umemwona mdogo?"

"Si mdogo, Ta. Mkubwa sana."

"Basi mbebe."

Jumapili ile binti yangu alikuwa anapokea komunyo ya kwanza, na nyumbani hatukuwa na kitoweo cha siku kubwa. Nikajisemea, ni huyu mmoja, na njia ni moja. Nikambeba.

Nilifika kwa Ma Kokugonza jua limepanda. Mtetea alikuwa anahema, mdomo wazi. Nilimwonea huruma. Nilimfungua miguu, nikamshusha, nikamnywesha kwenye kigae walichokuwa wakinywea kuku wa pale. Ma Kokugonza akasema, "Mwache anywe ashibe, naye ni kiumbe." Akanywa, akajikung'uta, akatupa matone huku na huku. Nikamfunga tena, kisha nikaanza kuchanja kuku wa mwenyeji mmoja mmoja, kwa uangalifu mkubwa, nikingoja kila mmoja apepese.

Nikiwa pale Ma Kemilembe akaja kwa ile njia yao. Kware wake walikuwa wametaga, naye alitaka kuazima kuku wa kuatamia.

"Ninaye mmoja," Ma Kokugonza akamjibu, "na amelala juu ya mayai yake mwenyewe. Nikamwamshe awalee wageni?"

"Wifi, unaninyima kuku kama vile nimekuomba jino!"

"Jino ningekupa, yamebaki mengine."

Tukacheka wote watatu. Ma Kemilembe akasimama katikati ya kuku, akawatazama, akasema, "Lakini una kuku wazuri, mwanamke wewe. Haya, ninyime. Tutaona hao vifaranga wako watakavyotoka." Akaondoka akicheka. Mimi niliyasikia maneno hayo na kicheko chake. Yalikuwa utani wa watu wanaopendana, na hapakuwa na shahidi mwingine ila mimi.

Alhamisi mtetea mweusi aliinamisha mabawa nyumbani kwangu. Ijumaa alikufa, shingo imepinda. Nilimzika nyuma ya choo, na Jumapili tukala maharage na dagaa, binti yangu akiwa na gauni jeupe. Chanjo haimlindi kuku siku ile ile. Huchukua kama wiki mbili. Nilihesabu siku huku padri akihubiri. Ningeweza kuondoka kanisani nikapanda baiskeli, nikamwambia Ma Kokugonza achome kigae, atenge wagonjwa, aokoe hata nusu. Nilibaki kwenye benchi nikiomba wasiugue. Nimejifunza tangu hapo kwamba kuna sala nyingine ni uvivu uliopiga magoti.

Jumatatu simu ikaita.

Nilipofika, waliokuwa hai hawakuzidi kumi. Ma Kokugonza alikuwa amewapanga waliokufa mstari mmoja chini ya migomba, kama anayetaka wahesabiwe na mtu mwingine asiyekuwa yeye. Yule wa kuatamia alikuwa amefia juu ya mayai.

"Bwana mifugo," akasema, "wewe umesoma. Niambie bila kunificha. Ni ugonjwa, au ni mkono wa mtu?"

Hapo ndipo lilipokuwa jibu, wadogo zangu. Mkono ulikuwepo, nao ulikuwa umeshika mfuko wa chanjo mbele yake. Nikasema, "Ni mdondo, Mama. Wakati wa kyanda huja na upepo."

"Upepo gani unaoishia kwenye mpaka wangu? Kware wa wifi wanaruka tu kule. Sikiliza."

Tulisikiliza. Kware walikuwa wanalia vizuri.

Kila mtaalamu anajua kwamba kware huuvumilia mdondo kuliko kuku, na hawa walikuwa kizimbani juu ya miguu ya mbao. Maneno hayo yangetosha kumsafisha Ma Kemilembe hata bila mimi kujitaja. Lakini niliogopa kwamba nikianza kueleza ugonjwa unavyotembea, nitaulizwa uliingiaje. Nikafunga mfuko wangu, nikampa pole.

Baada ya wiki mbili kijiji kizima kilijua kwamba Ma Kemilembe alinyimwa kuku, akawasifu, akasema "tutaona", na wakafa. Wengine walisema jicho, wengine walisema sumu kwenye kigae. Ma Kokugonza hakumshtaki popote. Aliacha tu kuitumia ile njia. Kwenye jumuiya, wakati wa kutakiana amani, aliinama kufunga kiatu. Ma Kemilembe akamfuata mara mbili nyumbani, mara zote mlango ukafungwa. Akipika chai ya jumuiya, watu walishukuru na vikombe vikabaki vimejaa. Akahamia benchi la nyuma.

Niliyaona haya mwaka mzima, kisha nikahamishiwa Bukoba, na nikashukuru kwa uhamisho ule kuliko kwa jambo lolote, Mungu anisamehe. Niliungama. Padri alinisikiliza hadi mwisho, akaniondolea dhambi, akasema, "Kwa Mungu yamekwisha. Ijumbi bado. Nenda." Nilisema nitakwenda baada ya Pasaka. Hakunitajia ni Pasaka ipi, nami nilitumia nafasi hiyo.

Kwa miaka kumi na mmoja nilifundisha Bukoba mjini. Nilifundisha vizuri. Baadhi yenu mliketi mbele yangu nikiwaambia msibebe kuku kutoka boma moja kwenda jingine, na mkaandika. Nilipoulizwa mfano, nilisema "mtaalamu mmoja".

Kwaresima iliyopita nilipata habari kwamba Ma Kemilembe amefariki. Sikwenda kuzika. Nilimtumia Asimwe pole kwa simu na kusema goti linauma. Goti lilikuwa linauma kweli. Nilistaafu mwezi wa sita, na asubuhi ya kwanza nilipoamka bila pa kwenda, nikajua kwamba nina pa kwenda.

Ma Kokugonza nilimkuta barazani anachambua maharage. Amezeeka, macho mazima. Alifurahi sana kuniona. "Bwana mifugo! Wamekuachia sasa? Keti, keti. Nilikuwa naomba nisife kabla hujapita." Akataka kuinuka aniandalie chakula. Nikamwomba asubiri.

Nikamwambia. Nilianza na mzee wa kijiji cha juu, nikaja kwa mtetea mweusi, nikaja kwa kigae. Hakunikatiza. Mkono wake uliendelea na maharage kwa muda, kisha ukasimama.

"Yule mtetea uliyemnywesha."

"Ndiye."

"Nilisema mwache anywe ashibe."

"Ulisema, Mama. Hukujua. Mimi nilijua."

"Ulijua lini? Siku ile, au baadaye?"

"Siku ile nilishuku. Ijumaa yake nilijua."

"Na mimi nilikuuliza Jumatatu."

"Uliniuliza."

Akatazama upande wa kibanja cha wifi. Ile njia haikuwepo. Mahali pake palikuwa na majani yaliyofika kiunoni.

"Wewe nakusamehe," akasema. "Umekuja na miguu yako, na kuku nilipata wengine. Lakini siku wanamzika nilifunga dirisha hili nisisikie nyimbo. Nyumba hii na ile, na mimi sikutoka. Sasa wewe uliyesoma dini, niambie, mimi nani atanisamehe?"

Nikafungua mdomo.

"Usiniambie Mungu," akasema. "Mungu namjua. Nauliza wifi."

Akafunga maharage kwenye khanga, akachukua fimbo. "Twende kwa Asimwe. Utayasema tena kule. Mimi sitakusaidia hata neno."

Tulipita kwenye majani, yeye mbele akiyapiga kwa fimbo. Asimwe alikuwa anapalilia migomba nyuma ya nyumba. Alipomwona Ma Kokugonza anavuka mpaka aliacha jembe lianguke. Nikasema yote mara ya pili, nimesimama. Nilipofika kwenye kware na namna wanavyouvumilia ugonjwa, akainua mkono nikanyamaza.

"Mama alisema mpaka siku ya mwisho kwamba hakugusa kuku wa mtu," akasema. "Mara ya mwisho ilikuwa hospitalini. Alinishika mkono akasema, wewe angalau unaniamini. Nikamwambia naamini, Mama, pumzika."

Akafuta uso kwa mgongo wa mkono, udongo ukabaki shavuni.

"Nilimdanganya. Mimi niliyemletea kware, mimi mwanawe, nilikuwa nadhani labda alifanya kitu."

Ma Kokugonza akaenda akasimama karibu naye. Hawakushikana. Walisimama tu, mmoja mzee, mmoja mtu mzima, wakitazama kaburi lililo kati ya kahawa, ambalo saruji yake bado ni mpya. Nimekaa na watu wengi waliopoteza mifugo, nina maneno ya kila aina. Pale niliokota jembe lililoanguka, nikaliegemeza kwenye mgomba.

Mwishowe Asimwe akasema bila kunigeukia, "Jumuiya inakutana Jumamosi. Walimsema mbele ya watu. Utakuja?"

Nilikuja. Walikutana barazani kwa Ma Kokugonza, sufuria ya chai ikiwa ndiyo kwanza imewekwa motoni. Nikasimama, nikasema jina langu na kazi yangu, ingawa wengi walinifahamu, nikaeleza nilimbeba nani, kutoka wapi, na nikamnywesha wapi. Nikasema kwamba Ma Kemilembe hakuwa na kosa. Nilipoketi, chai ilikuwa bado haijachemka. Maneno yenyewe ni machache kiasi hicho, nami nilikaa nayo miaka kumi na miwili.